Umevisha kisu cha kukunja mpini mpya na sasa kinasumbua: dalili na chanzo chake

Mpini wa kisu cha kukunja si kipande kimoja kama wa panga au jembe. Ni vibamba viwili, kimoja kila ubavu, vinavyofunika sahani mbili nyembamba za chuma. Bapa hulala katikati ya sahani hizo na kuzunguka kwenye mhimili. Mtu akivua vibamba vya plastiki vilivyotoka na kisu kiwandani akavalisha vya mninga au mpingo, anakuwa amebadilisha mambo matatu kwa mkupuo: unene wa mpini, kina ambacho skrubu inafika, na jinsi mpini unavyokunywa unyevu. Hapa Tanga, ambako masika hulowesha hata kiberiti kilichofungiwa kabatini, hilo la tatu si dogo. Hata hivyo ubao hulaumiwa kuliko unavyostahili. Visu vingi vinavyogoma vinagoma kwa sababu ya skrubu, gundi au washa, vile viduara vyembamba vinavyokaa kati ya bapa na sahani.

Weka tupa chini, ufanye jaribio hili kwanza. Zungushia makali selotepu nene. Vua vibamba vyote viwili, kisha unganisha kisu kikiwa uchi: sahani, washa, bapa, mhimili na skrubu zake za asili. Kama mhimili wako hupita hadi kwenye kibamba, jaza pengo kwa washa ndogo ili ukaze sawasawa. Fungua, funga, rudia. Kisu kikiwa laini, ugonjwa uko kwenye vibamba vipya au kwenye kilichotumika kuvishikiza. Kikiendelea kugoma kikiwa uchi, ugonjwa uko ndani, na hata ukichonga kibamba kikawa chembamba kama karatasi hutapata nafuu. Visu vya bei rahisi visivyo na sahani haviwezi kupimwa hivyo. Hivyo virudishie vibamba vya zamani ndipo ulinganishe. Ndiyo maana vibamba vya zamani havitupwi mpaka kazi iishe.

Kimekuwa kizito kufunguka

Kama kilikuwa chepesi kabla ya kazi, anza na mhimili. Legeza kama moja ya nane ya mzunguko, jaribu, legeza tena. Ukifika mahali kisu ni chepesi lakini bapa limeanza kucheza kushoto na kulia, mhimili hauna kosa, kuna kitu kingine kinachobana.

Kitu hicho mara nyingi ni washa. Kila upande wa bapa una washa yake, ya shaba au ya plastiki nyeupe, na ni nyembamba kiasi kwamba huanguka mezani bila mtu kusikia. Ikikosekana moja, chuma kinasaga chuma. Ikiwa zote zipo, ziangalie juani: iliyobanwa vibaya wakati wa kukaza ina mkunjo au alama ya nusu mwezi. Hiyo hainyooki tena ikawa kama zamani. Kwa muda unaweza kukata nyingine kutoka kwenye chupa ya maji ya plastiki, lakini ni ya kushikia zamu tu.

Dalili ikiwa ni kisu kilichokuwa kizuri jioni na kigumu asubuhi, gundi imeingia kwenye mhimili. Epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, ukiibana kwa klempu hutafuta pa kutokea, na tundu la mhimili ndilo lililo karibu. Pasha kichwa cha mhimili kwa pasi ya kulehemu ya fundi redio. Epoksi ikipata joto inalainika na mhimili unazunguka. Usikiweke kisu kwenye jiko la mkaa. Chuma cha bapa kikishageuka bluu kwa joto, ugumu wake umepungua na makali hayatakaa tena. Safari nyingine paka mhimili na nyuzi za skrubu nta ya mshumaa kabla ya kugusa gundi.

Kwa wavuvi wa Deep Sea, mwalo wa samaki wa hapa Tanga, kuna sababu nyingine ambayo haihusiani na mpini kabisa: mchanga na chumvi. Suuza kwa maji ya bomba, kausha, weka tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yasikaribie, yatageuka ulimbo.

Bapa linacheza, ukikaza halitulii

Kwenye kisu ambacho kichwa cha mhimili kinakalia ubao moja kwa moja, ubao unaminywa kidogo kila unapokaza. Leo umekaza, wiki ijayo kumelegea, unakaza tena, na kichwa kinazidi kuzama. Miti laini ndiyo yenye tabia hii; mpingo hauna, na ndiyo faida yake kubwa. Dawa ni kuweka kitako cha chuma chini ya kichwa, washa ndogo iliyozamishwa kwenye ubao na kushikizwa kwa gundi, ili chuma kikalie chuma.

Kama mhimili umekalia chuma tayari na bado unalegea, futa mafuta kwenye nyuzi kwa spiriti na uweke tone moja la gundi ya bluu ya kufungia skrubu. Gundi nyekundu iache kwa mafundi pikipiki.

Kikifungwa, bapa linalalia upande mmoja

Legeza kila kitu. Rudisha mhimili hadi ushike kidogo, kisha kaza skrubu nyingine kwa zamu, kidogo hapa kidogo pale, huku ukichungulia bapa kutoka juu. Anayekaza skrubu moja hadi mwisho kabla ya kugusa ya pili anavuta sahani upande huo, na bapa linafuata.

Ikiwa bapa linarudi palepale, kibamba kimepinda. Kilaze juu ya kioo cha dirisha, bonyeza pembe moja moja. Kikitikisika umempata mchawi. Sababu yake ya kawaida ni hii: fundi amepaka vanishi upande wa nje, unaoonekana, akaacha wa ndani mtupu. Masika yakiingia ule upande mtupu unakunywa unyevu na kutanuka, ule wenye vanishi haubadiliki, na kibamba kinajikunja. Kisawazishe juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo, kisha paka pande zote mbili, kingo, na hata ndani ya matundu ya skrubu.

Pembe ya ng'ombe ina matatizo yake. Ukiinyoosha kwa maji ya moto inakubali, halafu miezi ikipita inarudia umbo la kichwani kwa ng'ombe. Ikate vipande vikubwa kuliko unavyohitaji, uviache vikae vimebanwa, ndipo uchonge. Pembe ya ndovu na gamba la ng'amba usiulizie kwa yeyote, ni marufuku.

Kuhusu ubao, ukweli wa vipimo unasaidia. Ubao hutanuka kwa upana wa nyuzi zake, kwa urefu karibu hautanuki. Kibamba chenye upana wa milimita 20 kikitanuka kwa asilimia 1 kinaongezeka milimita 0.2, na kidole kitauhisi ukingo umetokeza nje ya chuma. Unene wa milimita 4 kwa kiasi hichohicho unaongezeka milimita 0.04 tu. Kwa hiyo ukingo uliojitokeza wakati wa masika ni wa kawaida, usiukimbilie kwa tupa. Ukiusawazisha mwezi wa nne, kaskazi ikirudi chuma ndicho kitakachotokeza na kukukwaruza kiganja. Mninga hautanuki sana, na ndio ninaomshauri mtu anayeanza. Msaji pia umetulia, na mabaki yake kwa maseremala si adimu kwa kuwa shamba la Longuza liko hapo Muheza, ila unatafuna msumeno.

Kufuli haishiki, au haiachii

Hapa usifanye mzaha. Kisu ambacho kufuli yake haiaminiki kinafungukia mfukoni au kinafungia vidole, na hakifai kutumika hata kumenyea chungwa hadi kipone.

Visu vingi vya siku hizi vinafungwa kwa ulimi: sehemu ya sahani moja imechanwa ikapindwa, nayo hurukia ndani nyuma ya bapa likifunguka. Ulimi usiporuka, chungulia nyuma yake. Ukiona mng'ao wa gundi, epoksi imeubandika ulimi kwenye kibamba. Ulimi hauna unene wa kubanduliwa kwa bisibisi bila kupinda, kwa hiyo pasha kibamba taratibu, kivue chote, kwangua gundi, na unapobandika tena acha eneo lote la ulimi bila gundi hata chembe. Ulimi ukiruka lakini ukirudi ukisukumwa, tazama ncha za skrubu: iliyo ndefu mno hutokeza ndani na kuuzuia ulimi usifike mwisho. Alama yake ni mkwaruzo mpya kwenye ulimi au kwenye ubavu wa bapa. Sababu nyepesi kuliko zote ni mafuta kwenye uso ambao ulimi na bapa vinakutana. Futa kwa spiriti.

Na ulimi usiokubali kuachia? Mara nyingi gumba tu halifiki. Kibamba cha kiwandani kilikuwa na bonde dogo la kuingiza kidole, chako kimekuja kimenyooka. Chonga bonde hilo kwa tupa ya duara.

Baada ya lolote kati ya hayo, pima. Fungua kisu, shika mpini vidole vikiwa nje ya njia ya makali, sukuma mgongo wa bapa kwa kipande cha mbao. Kufuli ikiachia ilhali hakuna gundi, skrubu wala mafuta, ulimi wenyewe umechakaa, na hakuna mpini utakaouponya.

Skrubu hazishiki, au hazitoki

Kwanza jina. Ukiomba bisibisi ya nyota dukani Ngamiani utapewa ile ya msalaba. Skrubu za visu hivi ni Torx, zenye ncha sita, mara nyingi T6 kwa kibamba na T8 au T10 kwa mhimili. Aliye nazo ni fundi simu, maana T5 na T6 ni kazi yake ya kila siku. Mwambie "ya ncha sita" na umwoneshe kisu. Kulazimisha bisibisi bapa ndiko kunakozifanya ziwe duara.

Skrubu isiyotoka ina gundi kutoka kiwandani. Weka ncha ya pasi ya kulehemu kichwani hadi joto lipenye, kisha izungushe ikiwa bado ya moto.

Isiyoshika inahitaji hesabu kidogo. Watu hupima unene wa kibamba chote, wakati kipimo kinachohusika ni unene unaobaki chini ya kichwa cha skrubu. Kama cha zamani kilibakiza milimita 1 na chako kimebakiza 2, skrubu imepoteza milimita nzima ya kuuma. Kwenye skrubu ya M2, yaani ya kipenyo cha milimita 2, ambayo kila mzunguko ni milimita 0.4, hiyo ni mizunguko miwili na nusu, na pengine ndiyo yote iliyokuwa nayo. Zamisha tundu la kichwa zaidi kabla ya kutafuta skrubu ndefu.

Ukilazimika kutafuta nyingine, jihadhari na visu vya Marekani. Vingi vinatumia skrubu ya 2-56, yenye kipenyo cha karibu milimita 2.2 na nyuzi 56 kwa inchi. M2 huingia humo ikilegalega, inashika kwa uongo na kutoka na nyuzi zote. M2.5 haiingii, na atakayeilazimisha ataharibu sahani.

Kibamba kinaachia chuma, au pana mwanya

Mwanya ulioonekana siku ya kwanza ni wa uso usio sawa: rudi kwenye kioo na msasa. Mwanya uliokuja baadaye ni wa gundi, na kwa mpingo una jina moja, mafuta ya mti. Mpingo, ambao Ulaya wanautengenezea klarineti, ni mzito hata unazama majini, na una mafuta ya asili yanayopanda juu baada ya kuuchonga. Uukwangue kwa msasa namba 120 na kuufuta kwa asetoni dakika chache kabla ya kubandika. Ukiufuta asubuhi ukabandika jioni umefanya kazi bure. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha si mbadala, nyingi zimetiwa mafuta ya kulainisha ngozi. Chuma nacho kikwanguliwe. Kinachong'aa hakishiki gundi.

Usikaze klempu hadi gundi yote ikimbie. Epoksi inataka ibaki tabaka nyembamba katikati. Ile ya dakika tano naiona ya kuunganishia vikombe, kwa mpini tafuta inayokauka kwa saa nyingi.

Ukivua kibamba kilichoachia ukakuta weusi kama wino kati ya ubao na chuma, maji yameingia kwenye ubao wenye tanini, na mkoko ni mmojawapo. Chini ya weusi huo kuna kutu. Safisha chuma hadi kiwe cheupe kabla ya kubandika upya.

Vumbi la mpingo huwasha pua na ngozi, na kuna ambao likiwazoea vibaya halitawaacha tena. Piga msasa wa maji na uvae barakoa.

Kibamba cha kanga kinabanduka tabaka

Hiki ni kibamba ninachokipenda kuliko vyote: vipande vya kanga kuukuu vilivyolowekwa resini, vikapangwa tabaka juu ya tabaka, vikabanwa hadi vikauke. Ukichonga, rangi za tabaka zinatokea kama ramani. Viwandani wana kitu cha ukoo huohuo, Micarta, kilichoanza Marekani mwanzoni mwa karne ya 20.

Tabaka zikiachana, kanga ilikuwa mpya. Kanga ya dukani ina wanga unaoifanya iwe ngumu na ing'ae, na resini haipenyi. Ifue mara mbili, ianike ikauke kabisa. Madoa meupe makavu ndani yanaonyesha resini ilikuwa kidogo au kitambaa kilikuwa na unyevu. Siku ya mvua usifanye kazi hii. Vitundu vidogovidogo ni hewa: loweka kipande kimoja kimoja na kukisugua kwa kadi ya plastiki, usiloweke bunda zima.

Wanaotengeneza boti za faiba watakuuzia resini ya polista. Inakubali kwa kitambaa, ina harufu kali, hivyo fanya kazi nje. Kitu isichokiweza ni kushika chuma. Kutengenezea kibamba tumia, kukibandika kwenye sahani rudi kwenye epoksi. Unene usikisie. Bana tabaka zikiwa kavu, pima kwa kalipa, ongeza au punguza.

Tanga ni mji wa mkonge tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, kwa hiyo kila mtu huuliza kuhusu gunia la katani. Linawezekana. Nyuzi zake ni nene, zinakunywa resini nyingi, na zisipofunikwa vizuri zinachomoza baada ya kupiga msasa na kuchoma kiganja. Ukilitaka, liweke katikati na kanga juu yake.

Ubao umepasuka kwenye pini

Tanga haikosi spoku za baiskeli, na spoku ya kawaida ina kipenyo cha milimita 2, pini nzuri kabisa. Tatizo ni watu kuigonga kichwa kwa nyundo kama ribiti. Spoku ni ngumu. Kabla haijatanuka ubao umeshachanika. Spoku ibandike kwa gundi tu, kwenye tundu la milimita 2.1. Ya kugonga iwe shaba, na ugonge kwa nyundo ndogo, polepole.

Anayetumia waya wa umeme wa nyumba akumbuke kwamba 2.5 iliyoandikwa juu yake ni eneo kwa milimita za mraba. Kipenyo chake ni karibu 1.8. Toboa tundu la 2.5 na pini itaogelea humo.

Ufa mwembamba uliokwisha kutokea: jaza vumbi la ubao huohuo, dondoshea supa gluu, piga msasa.

Mpini unanata

Umepaka mafuta ya nazi. Hayakauki, na baada ya muda yanachacha. Yafute kwa thina na utumie mafuta ya kitani, tabaka nyembamba, ukifuta kila ziada. Kitambaa ulichofutia kitandaze nje au kiloweke majini, kwa sababu kikikunjwa hujipasha joto na kinaweza kuwaka chenyewe.

Victorinox

Vibamba vya plastiki vya visu hivi vya Uswisi havina skrubu. Vinabonyezwa juu ya vichwa vya ribiti, kwa hiyo kipya kisiposhika kwanza pima kisu: cha milimita 91 na cha milimita 84 havibadilishani. Kisha angalia kama kuna mabaki ya gundi kwenye vishimo vya ndani. Kuvua, ingiza kipande chembamba cha chuma karibu na ribiti na unyanyue kibamba kidogo kidogo. Anayenyanyua kutoka katikati anavunja. Asetoni isikaribie, inayeyusha plastiki hiyo. Vile vyenye ubavu wa alumini vimepigwa ribiti hadi nje, na kuvivua ni kukata ribiti na kukitenganisha kisu chote.